Vitu Vinavyojijenga Bila Kumngoja Kaka

Oduor wa Migosi alikuwa na wivu na vitu ambavyo hata hadubini ya kawaida haivioni. Katika maabara moja mjini Kisumu, kazi yake ilikuwa kuchanganya peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, ndani ya maji. Vipande hivyo hushikana vyenyewe vikawa nyuzi, nyuzi zikawa wavu, na maji yote yakaganda kama uji uliolala. Watafiti walitaka kuupaka ute huo kwenye vidonda vya kuungua. Oduor yeye aliona jambo moja tu: vinajijenga, na havimngoji kaka yeyote.

Maana yeye alikuwa anangoja. Kwao Asembo Bay, mdogo hajengi boma lake kabla mkubwa hajajenga; akithubutu, laana ya chira itamkausha kama omena, wale dagaa wa ziwani. Na mkubwa wake, Oyugi, fundi wa kuziba pancha pale Otonglo, hakuwa na haraka hata kidogo. Kwa hiyo Oduor, mtu mzima mwenye mvi na watoto watatu, kila Desemba alilala na familia yake katika simba, kijumba chake cha ujana, ambacho sasa kilivuja mpaka kwenye godoro.

"Mimi nimemaliza," mkewe Winny alimwambia. "Krismasi hii kama hakuna boma, utaenda na watoto wako. Mimi nitabaki hapa Migosi na tivii yangu."

Winny hatishi bure. Basi Oduor akamsukuma kaka yake kwa kila njia. Alimpigia simu asubuhi na jioni. Alimtuma mjomba, akamtuma pasta. Pasta akala kuku wa Oyugi akarudi na maombi tu. Oduor alimpelekea hata misumari. Oyugi alishukuru sana, akaitumia kutundikia mipira ya baiskeli.

Asubuhi moja peptidi nazo zikagoma. Maji yalibaki maji. Oduor akaitikisa chupa, akaitikisa tena kwa hasira, huku akiitukana kwa Kijaluo.

"Omera, ndugu yangu, unapigana na nani?" aliuliza Daktari Lorna Muchiri, mkuu wake, Mkikuyu aliyekaa Kisumu mpaka matusi yote akayajua. "Uliweka chumvi?"

Hakuwa ameweka.

"Sasa hata ukitikisa mpaka Yesu arudi, unazivuruga tu. Uliza kwanza zinakosa nini."

Oduor alitia chumvi kidogo, akaiacha chupa mezani. Aliporudi kutoka kunywa chai aliigeuza juu chini, na hakuna tone lililoanguka. Oduor akaona haya, na si kwa sababu ya chupa.

Jioni alikwenda Otonglo. Oyugi alimkaribisha chumbani kwake nyuma ya kibanda. Kulikuwa na sufuria moja, sahani moja, na kitanda kisichotandikwa.

"Tarehe ya kujenga sina," Oyugi alisema kabla hajaulizwa.

"Sijauliza tarehe. Nauliza, unakosa nini?"

Oyugi aliketi kitandani. "Seline."

Kwa miaka miwili alikuwa amewaambia watu wote kwamba mkewe yuko Ugunja anamwuguza mama yake. Mama huyo alikuwa mzima wa afya, anapalilia mahindi. Ukweli ni kwamba Oyugi, kabla ya kuziba pancha, aliachishwa kazi kiwandani, akamficha mkewe, akaendelea kuvaa ovaroli kila asubuhi na kwenda kucheza drafti, mpaka Seline akaja kuambiwa na majirani sokoni. Akafunga virago. Na mwanamume haanzishi boma bila mke.

"Yawa! Mbona hukuniambia?"

"Ungesikia saa ngapi? Kila ukipiga ni mabati, mabati."

Oduor akatoa simu, akampigia shemeji yake, na kwa mara ya kwanza hakutaja nyumba.

"Seline, ni Oduor. Habari yako wewe mwenyewe?"

Akasikia mtu anapenga kamasi. "Miaka miwili," Seline alisema, "hakuna mtu wa kwenu ameniuliza hivyo. Huyo mwongo yuko hapo?"

"Yuko."

"Mpe simu. Na wewe utoke nje, nakujua."

Oduor akatoka, akaketi juu ya tairi bovu. Alitamani kutega sikio mlangoni. Alitamani kumnong'oneza kaka yake maneno ya kusema. Ndani alimsikia Oyugi akianza, akikwama, akianza tena, kisha akilia. Baridi ikamshika, Winny akapiga mara mbili kwenye simu ndogo aliyobaki nayo mfukoni, na Oduor hakupokea, wala hakugonga mlango.