Shangazi Asiye na Mtu

Afadhali mkisikie kisa hiki kwangu kabla hakijafika barazani Kariakoo. Shangazi yangu anaugua saratani, na mshahara wangu haufui dafu mbele ya bei ya dawa yake. Nikasikia hospitalini maskini hupunguziwa. Lakini wanamjuaje maskini? Nikadadisi kisomi, nikaambiwa huulizwa kama mgonjwa ana wa kumtunza.

Basi nikamvisha Shangazi kanga iliyochakaa, nikamsihi anyamaze. Mimi nikavaa koti na tai, nikajifanya mpita njia niliyemwokota Mnazi Mmoja.

“Bibi huyu hana mume, hana mtoto, hana ndugu,” nilimhutubia karani, hata nikakaribia kulia mwenyewe. “Hana mtu!”

Karani alikuwa ameshainua kalamu amwandikie punguzo. Shangazi akasimama.

“Hana mtu nani? Mie? Mungu apishe mbali! Mie nina ukoo mtaa mzima wa Gerezani!” Akanishika sikio. “Na huyu nimemlea kwa mikono yangu. Kasoma mpaka chuo kikuu, analipwa na Mwingereza! Hebu mtajie bwana jina la babako.”

Karani akaweka kalamu chini, akaitazama tai yangu.

“Haya, mpita njia,” akasema. “Taja.”