Kitabu cha Wageni wa Maporomoko

Mwaka wa kwanza nilipopewa kazi ya kuongoza wageni kwenye maporomoko, huku ukingoni mwa uwanda wa Ufipa, kitabu cha wageni kilijaa kabla ya Pasaka. Wanafunzi wa Sumbawanga walikuja kwa mabasi, wakipigana vikumbo kwenye ngazi. Nililalamikia kelele zao. Mjinga mimi.

Kisha mvua ikakata barabara, na ilipotengenezwa watu hawakurudi. Niliendelea kufagia ngazi zisizokanyagwa na mtu. Mkubwa wangu akaniambia kurasa zikibaki tupu, kituo kitafungwa.

Asubuhi moja akapita mfugaji Msukuma aliyepanda kutoka bondeni, upande wa Mtowisa, akitafuta ndama wake. Nilimvuta mkono hadi mezani, nikampa kalamu. Si ni mtu, na maji ameyaona?

"Andika jina, baba, na unakotoka."

Akatazama sare yangu, akatazama kitabu.

"Afande, ng'ombe wangu hawajaingia hifadhini. Ni ndama mmoja tu, kapotea."

Nikamwambia simshtaki, namwomba tu awe mgeni wangu. Hakuniamini. Aliandika jasho likimtoka, kisha akashika njia ya kurudi bondeni, ndama hakumtafuta tena.

Alasiri ndama akajileta mwenyewe, akanywa maji chini ya ngazi. Nilikaa naye siku tatu nikimngoja mwenye ndama aje. Hakuja yeye wala mfugaji mwingine yeyote. Siku hizi wote wanazunguka mbali. Wanaogopa kitabu changu.