Punje Mbili Chini ya Mguu wa Korongo

Wakati ule Tunduma ilikuwa bado Mkoa wa Mbeya, na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka ilikuwa inafika Chapwa, siku nyingine mpaka Mpemba kabisa. Watu waliilaani ile foleni. Mimi niliipenda. Asubuhi nikienda kazini nilipita ubavuni mwake kama mtu anayepita sokoni kuangalia nguo, maana kila lori lilikuwa na mnyama wake kwenye mlango wa dereva. Chui, nyoka, jogoo, kuna hata kobe mmoja aliyevaa kofia. Nilikuwa nawasalimia kimoyomoyo. Habari za asubuhi, chui. Kobe, bado hujavuka tu?

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nimeishia kidato cha pili, na ndoto yangu ilikuwa siku moja nione foleni nzima imebeba picha zangu. Kuchora sikujua. Hilo halikunisumbua hata kidogo.

Kazi yangu ilikuwa duka la stika. Mwenye duka alikuwa mama mmoja wa Kiislamu, mwenyeji wa Tabora, aliyekuja Tunduma na mume dereva, akabaki na biashara baada ya mume kufariki. Wote tulimwita Mama. Alikuwa na kompyuta moja, printa na mashine ya kukatia stika, ambayo wewe unaipa picha yenyewe inakata, kriii kriii, kama panya kwenye gunia la mahindi. Mama hakugusa kompyuta. Alisema ile ni kazi ya vijana, yeye anatosha kupokea wateja na kugombana nao.

Tatizo letu lilikuwa picha. Tulikuwa na simba mmoja, tai mmoja na maua, na madereva walishawachoka. Basi siku moja Mama akanichukua tukavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa kijana mmoja aliyekuwa anauza CD kwenye meza chini ya mwavuli.

"Mulishani, bamayo!" akatuchangamkia kwa Kibemba. "Mnataka muziki?"

"Muziki tunao redioni," Mama akasema. "Nataka picha za magari. Zile za kukata."

Akatoa CD moja yenye gari jekundu kwenye ganda. Mama akaigeuzageuza kama anayenunua nyanya. "Humu mna picha ngapi?"

"Mayo, utakufa hujazimaliza."

"Ushindwe! Nife kwa sababu ya picha?"

Wakacheka wote wawili. Mimi nikauliza swali ambalo mpaka leo nashukuru nililiuliza, hata kama jibu nililimeza kijinga. "Nani amezichora?"

Yule kijana akaniangalia kwa huruma. "Kompyuta, sister. Sasa mtu gani angechora zote hizi? Mkinunua ni zenu. Fanyeni mnavyotaka."

Nikaamini. Usinicheke. Mtu aliyeishia kidato cha pili, ambaye mashine anazozijua ni ya kusaga na ya kushona, ukimwambia kompyuta inachora yenyewe, kwa nini akatae? Siku zile nikifunga duka nilikuwa naiangalia ile kompyuta nikijiuliza leo itachora nini tukiondoka.

Kwenye ile CD ndimo nilimokutana na korongo.

Alikuwa korongo mwenye kishungi cha dhahabu, wale wa mabondeni. Amesimama mguu mmoja, mwingine ameukunja, na shingo ameigeuza anatazama nyuma. Nilivyomwona tu moyo ulinilegea. Alikuwa kama mtu anayeondoka nyumbani, akafika njia panda, akageuka mara moja zaidi. Lakini picha yenyewe ilikuwa chafu. Pembeni kulikuwa na kitu kama kitasa cha mlango kilichofungwa kamba ya manila ya kijani. Na chini ya mguu wa korongo kulikuwa na vidoa viwili vya mviringo, vyeusi, kila kimoja na mstari katikati. Nilivitazama sana vile vidoa. Mwisho nikaamua kwamba ndege amejisaidia.

Nikaona si heshima. Mteja atabandikaje mlangoni ndege aliyejisaidia? Nikakaa asubuhi nzima na mausi, ulimi nje, nikafuta vidoa, nikafuta kitasa na kamba yake. Nilipomaliza nilimwita Mama aje aone jinsi ndege alivyotakata. Mama akasema mashallah.

Wiki mbili hazikuisha, malori saba yalikuwa na yule korongo. Nilipita kwenye foleni nikiwahesabu na kifua mbele. Niliwaambia hata wadogo zangu kwamba wale korongo ni wangu. Niliamini hivyo, kwa sababu mimi ndiye niliyewasafisha.

Halafu, Alhamisi moja mchana, akaingia baba mmoja dukani. Mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, kucha zina rangi ya bluu na njano. Alikuwa mtu wa Igamba aliyehamia Mpemba, na kazi yake, tukaja kujua, ilikuwa kuchora kwa brashi milango ya malori. Chui, nyoka, jogoo, yule kobe wangu wa kofia, wote walikuwa wa mkono wake. Miezi yote nimewasalimia wanyama wake bila kujua wana baba.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti. Nimetumwa na shida." Akanyoosha kidole ukutani, pale tulipobandika korongo wa mfano. "Yule mlimtoa wapi?"

Mama akadakia kabla sijafungua mdomo. "Tumenunua! Kwa pesa yetu, mchana kweupe, watu wanaona. Kuna tatizo?"

Baba yule hakupandisha sauti. Akaomba kiti, akakaa, akatueleza. Yeye na madereva wana utaratibu wao. Dereva akitaka mnyama, kwanza wanakaa, dereva anasimulia maisha yake, ndipo mchoraji anamtafutia mnyama. Na mchoraji anaahidi kwamba hatamchora tena mnyama huyo kwenye lori lingine. Lori moja, mnyama mmoja. Hakuna karatasi, ni neno lake tu. Yule korongo alimchorea dereva mmoja ambaye mama yake, kila safari, alimsindikiza mpaka barabarani na kumwambia, ukifika kona geuka nikuone. Mama huyo alishafariki. Dereva akifika kona bado anageuka. Ndiyo sababu korongo anatazama nyuma.

Nyuma yangu mashine ilikuwa imemaliza kukata.

"Sasa dereva huyo juzi kaingia kwenye foleni," baba akaendelea, "kakuta korongo wake yuko kwenye malori saba. Anasema nimemuuza mama yake. Salamu yangu haitikii. Kesho saa nne madereva wana kikao yadi ya Chapwa. Wakikubaliana kwamba neno langu halina maana, hakuna atakayenipa mlango tena. Na mimi kazi nyingine sijui."

Akasimama. Mlangoni akageuka, akamtazama tena korongo wa ukutani. Akauliza kwa upole tu, kama anayeulizia mtoto, "Punje zangu za kahawa zilikwenda wapi?"

"Punje gani?"

"Mbili, chini ya mguu. Ndizo sahihi yangu. Kwetu kahawa ndiyo iliyotulea."

Jamani! Asubuhi nzima nimekaa na ulimi nje nikifuta jina la mtu, nikidhani nafuta kinyesi.

Alipotoka, Mama akafunga nusu mlango. "Sikiliza mwanangu. Yaishie hapa hapa. Mwizi ni yule wa Nakonde. Sisi tumenunua."

"Lakini Mama, kile kitasa..."

"Kitasa gani?"

Nikaitia CD kwenye kompyuta. Kazi yangu ya kufuta niliihifadhi kwenye kompyuta, lakini kwenye CD picha ilikuwa vilevile, haifutiki. Korongo, punje mbili, kitasa na kamba yake ya kijani. Kumbe mtu alipita kwenye foleni na simu akaupiga picha mlango wa lori la watu, basi, biashara ikaanza.

"Nikiwaonyesha hii watajua hakuuza yeye," nikasema.

"Na watajua tuliouza ni sisi. Unataka madereva waje wavunje duka?"

Nikaanza kulia. Mama alichukia sana machozi dukani, alisema yanafukuza wateja, lakini siku hiyo aliniacha. Nikaichapisha ile picha kwenye karatasi kubwa, na uchafu wake wote, nikaikunja nikaondoka nayo.

Kesho yake saa nne nilikuwa Chapwa. Madereva kama thelathini wamekaa kwenye matairi na madumu kwa mama mmoja muuza chai, baba mchoraji amesimama katikati kama mtahiniwa. Dereva wa korongo alikuwa jitu la watu, mabega kama kabati, na macho yalikuwa mekundu. Anasema, "Mimi sitaki fidia. Nataka aniambie kwa nini."

"Sikumuuza," baba alisema.

"Basi aliruka mwenyewe?" mwingine akadakia, watu wakacheka. Kicheko kibaya.

Ndipo nikanyoosha mkono kama niko darasani. "Samahani. Ni mimi."

"Wewe nani tena, dogo?"

Nikasema mimi ni wa duka la stika. Nikasema tulinunua CD, tukaambiwa picha zimechorwa na kompyuta, na mimi nikasadiki. Nikasema nilizifuta zile punje kwa mkono wangu. Mtu akauliza kwa nini. Nikawaambia ukweli, kwamba nilidhani korongo amejisaidia.

Mama wa chai ndiye aliyeanza, akaliweka birika chini akicheka ameshika mbavu, na yadi nzima ikafuata. Mzee mmoja alijifuta machozi kwa kofia yake. Hata baba mchoraji alitazama chini, mabega yanamtikisika. Dereva wa korongo peke yake hakucheka. Nikamkunjulia karatasi.

Aliitazama muda mrefu. Kisha akainyakua, akaenda nayo mpaka kwenye lori lake, sisi sote nyuma yake. Akaiweka karatasi ubavuni mwa mlango. Kitasa kwa kitasa. Kamba ya manila ya kijani ilikuwa ileile, na fundo lake lilelile lililokaa upande.

"Kitasa changu hiki," akasema taratibu. "Kamba hii nilifunga mwenyewe Makambako." Akamgeukia mchoraji. "Bro. Kumbe waliniibia mimi na wewe kwa pamoja."

Akampa mkono. Mchoraji akaushika kwa mikono yote miwili. Wala hawakusema zaidi, maana madereva si watu wa hotuba.

Nilikuwa nawaza jinsi ya kurudi dukani kumwambia Mama nisamehe, nikasikia sauti yake nyuma: "Haya, nani ana korongo wangu hapa? Alete lori!" Amekuja kwa bodaboda, buibui limejaa vumbi, mkononi ana chupa ya maji ya moto, matambara na kikwanguo cha plastiki. Aliponipita akaninong'oneza, "Baba yangu alikuwa akisema mali ya wizi, hata uinunue kwa haki, usiku inamlilia mwenyewe. Nimelala vibaya kwa sababu yako."

Tulibandua korongo sita pale pale juani. Unaweka tambara la moto, unasubiri, unavuta pembeni polepole. Dereva mmoja alinung'unika kwamba alikuwa ameshampenda. Mama akamwambia, "Hata mimi. Vuta." Kila aliyebandua tulimkatia stika nyingine ya kumliwaza, ua au tai wetu wa zamani.

Wa saba hatukumpata. Lori lake lilikuwa limeshavuka kwenda Kongo.

Mchoraji alianza kuja dukani siku za mvua, wakati rangi haikauki. Alichora picha nyingine, mpya, za kukatwa stika kwa yeyote anayetaka, na kwa kila stika alipata sehemu yake. Punje mbili zilibaki chini ya kila mguu. Milango ya brashi ikabaki kama ilivyokuwa, lori moja mnyama mmoja. Dereva wa korongo alimpa na mlango wa pili wa lori lake. Na mimi alinifundisha kushika penseli. Mnyama wangu wa kwanza alikuwa mbuzi. Mama akauliza kama ni meza.

Ile CD Mama aliifunga uzi akaining'iniza mlangoni, ikawa inatisha kuku wa jirani.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nafagia kizingiti, dereva mmoja nisiyemjua akasimama mbele yangu, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Akatia mkono mfukoni, akatoa donge la stika lililojisokota kama tonge la ugali. Kwenye ukingo wake nikaona uzi mmoja wa kishungi cha dhahabu.

"Dada, ni wewe wa korongo?" akauliza. "Nilihadithiwa kule Kongo kwamba ana mwenyewe. Nikambandua hukohuko."

Nikalipokea lile donge kwa mikono miwili.

"Sasa nataka wangu mimi," akasema. "Niende wapi?"

Nikamwonyesha na ufagio, upande wa Mpemba. Nikamwambia akifika amwulizie baba mwenye kucha za rangi, na ajiandae kukaa, maana kwanza ataulizwa maisha yake.