Shingo ya Bibi Harusi

Tabibu wa viungo aliyenikanda shingo leo, hapa Changamwe, alikuwa amejibandika kikuba cha asumini kifuani. Harufu ile ikanirudisha Jomvu Kuu, siku aliyoolewa mama mdogo.

Alikalishwa kwenye jukwaa mbele ya wanawake, macho ameyafumba, kichwa amekiinamisha, kwa kuwa bibi harusi mwenye haya hatazami watu. Mimi, mtoto, nilipewa kazi ya kumpepea. Jasho lilimtiririka mgongoni, na mkufu wa kuazima ulimvuta chini.

“Shingo yaniuma, wallahi,” alininong’oneza.

Somo yake, mwanamke mzima aliyemfunda mambo ya ndoa, alimsikia. “Vumilia. Inama!”

Alivumilia mpaka mabega yakaanza kumtetemeka. Kisha akainua kidevu, akageuza shingo taratibu, kulia, halafu kushoto. Basi! Ukumbi mzima ukasonya. “Hana haya huyu!” Hata mumewe alipokuja kumwacha, mume mlevi yule, wanawake walisema, “Si mlimwona siku ile?” Walimwona nini? Walimwona mtu akiumwa! Na hakuna hata mmoja aliyemuuliza, “Waumwa wapi, mwanangu?”

Leo tabibu ameniambia kuwa kuinamia cherehani kutwa ndiko kulikonikaza shingo. Kichwa ni kizito, na ukiinama, misuli ya nyuma ndiyo inayokibeba. Kisha akasema, “Inua kidevu, mama. Geuza taratibu. Kulia, halafu kushoto.”

Nikageuza. Hakuna aliyesonya.