Simu Kifuani mwa Mama

Mama yangu alibeba simu ndani ya sidiria, upande wa kushoto, tangu aliponunua ile ya kwanza ya kubonyeza. Wanawake wengi wa rika lake hapa Nairobi hufanya hivyo. Alikuwa akishona sare za shule katika chumba kimoja cha ghorofa ya tatu, River Road, na kutoka pale hadi steji ya magari ya Uthiru kuna vidole vingi vinavyojua kufungua kibeti bila mwenyewe kuhisi. Kifuani hakuna mwizi aliyewahi kufika. Ikilia, Mama aligeukia ukuta, akaingiza mkono kwenye shingo ya gauni, akaitoa. Nilipokuwa mdogo nilipenda kuishika wakati huo. Ilikuwa na joto kama yai lililotagwa sasa hivi.

Ananiita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Kwetu magharibi ndivyo ilivyo. Hunituma dukani kama mtoto na hunisikiliza kama mzazi, na sijui kama kuna kitu nilichowahi kupewa nikakitumia vibaya kuliko heshima hiyo.

Miaka mitatu iliyopita nilimnunulia simu ya kioo kikubwa. Ndani ya boksi mlikuwa na kijitabu cha maandishi madogo kama chawa, na mahali fulani katikati kilisema simu hiyo ilipimwa ikiwa mbali kidogo na mwili, na kwamba ni vyema mtumiaji aache nafasi hiyo. Basi. Hakikutaja ugonjwa wowote. Lakini nilikuwa nimejiunga na kundi la waandishi vijana, tunakutana Jumamosi alasiri juu ya mkahawa mmoja katikati ya mji, na kila mmoja wetu alikuwa akitafuta jambo la kulikasirikia. Nikalichukua lile onyo dogo nikalijengea ghorofa. Nilisoma mtandaoni kurasa za watu wenye hofu kama yangu na uhakika kunishinda, nikaandika insha. Simu niliiita kaa la moto lisilo na moshi. Nilisema wanawake wa mji huu wananyonyesha kifo. Nilipomaliza kuwasomea wenzangu, wakapiga makofi. Msichana mmoja alitoa simu yake kifuani pale pale akaiweka mezani. Hakuna sauti iliyowahi kuniingia tamu kama ile ya simu yake kugonga mbao.

Nyumbani nikawa askari. Mama akiingiza tu mkono shingoni, namkaripia. Yeye alicheka, akaniuliza mimi ningeiweka wapi, kwenye soksi? Nikamsomea insha yangu. Alisikiliza hadi mwisho, sindano mdomoni, akasema nimeandika vizuri, kisha akairudisha simu mahali pake.

"Siku utakapopata uvimbe hapo," nikamwambia, "usije ukalia kwangu. Nimekuambia."

Nilikuwa jikoni namenya viazi. Sikuinua hata macho.

Mwaka mmoja baadaye, bila kelele, akaacha. Alijishonea mfuko wenye zipu ndani ya sketi, kiunoni, simu ikahamia huko. Nyumbani aliiacha juu ya kabati na kuongea kwa spika akiwa mbali, hata majirani wakawa wanajua nani kijijini amegombana na nani. Nilifurahi mno. Jumamosi iliyofuata niliwasimulia wenzangu jinsi insha moja ilivyombadilisha fundi wa nguo wa River Road, na mmoja akasema hiyo ndiyo kazi ya fasihi. Tuliagiza chai nyingine.

Miezi saba ikapita. Asubuhi moja Mama alikuwa anajiandaa kwenda harusi ya mwenzake wa kanisani, akaniita nimfunge zipu ya mgongoni. Gauni lilikuwa limeshuka begani. Chini ya kamba ya sidiria niliona ngozi ya titi la kushoto imevutwa ndani, kama kitambaa cha kochi pale kifungo kinapokazwa. Nikauliza ni nini. Alitaka kujifunika, kisha akaona hakuna haja.

Aliniambia aligusa kitu kigumu hapo akiwa anaoga, kidogo kama harage. Ndiyo wiki ile aliyoshona mfuko.

"Nilijua ni simu," akasema. "Nikaitoa. Nikasema mwili upoe, kitarudi chini chenyewe. Sikutaka uniambie uliniambia, mama."

Hatukwenda harusini.

Daktari wetu wa kwanza alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mikono baridi, na siku aliyotuletea majibu ya vipimo, kabla hajakaa, Mama alimuuliza kuhusu simu. Alijibu polepole, kama mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo mara nyingi. Mawimbi ya simu, alisema, yana nguvu ndogo, yanaweza kuupasha mwili joto kidogo sana, lakini hayana nguvu ya kuzivunja chembe zake. Kuiweka mbali kidogo si vibaya. Ila wanaochunguza mambo hayo hawajaona kwamba ndiyo inayoleta saratani ya titi. Kisha akauliza alichotaka kujua yeye: Mama alikigusa lini mara ya kwanza? Mama akanitazama mimi kwanza, halafu akautaja mwezi. Kalamu ya daktari ilisimama. Kingeletwa wakati ule, alisema, pengine wangekata sehemu ndogo tu. Sasa ingebidi kuanza na kemo, ile dawa kali ya saratani inayopitishwa kwenye mishipa, kisha titi lote litolewe, halafu waone.

Tukitoka, Mama alisema yule daktari ni mtu mzuri, lakini hajasoma yale niliyoyasoma mimi.

Ningemsahihisha pale pale, kwenye ngazi. Maneno nilikuwa nayo, mimi ambaye sikosi maneno. Nilinyamaza, kwa kuwa ikiwa haikuwa simu, basi miezi saba ile ilipotelea mdomoni mwangu. Nilimwacha aendelee kuilaumu simu, na ukimya wangu nikauita huruma.

Siku ya kemo ya tatu tulikaa kwenye benchi la nje ya kliniki ya saratani mapema asubuhi. Mama alikuwa amefunga kitambaa kichwani. Kando yake aliketi msichana wa Riruta, mwenye bahasha ya barua ya rufaa, akilalamika kuwa foleni haisongi na kazini wanamngoja. Simu yake ikalia. Akaitoa kifuani.

Mama akamshika mkono, kwa upole wa mtu anayetaka kuokoa.

"Msichana wangu, hiyo ndiyo inakuumiza. Huyu binti yangu ni mwandishi, aliniambia mapema mimi nikakataa kusikia. Wewe kitu chako ni kidogo bado?"

Msichana akasema ni kidogo, ukibonyeza ndiyo unakisikia.

"Basi itoe hiyo simu hapo kwanza. Wewe umewahi. Kinaweza kuisha."

Nikaona uso wa msichana unafunguka. Alitazama foleni, akaikunja bahasha mara mbili, akavuta kibeti begani. Alikuwa amekwisha kuinuka.

"Dada, keti," nikasema. "Simu haina hatia. Mama yangu alitoa yake, akangoja miezi saba. Ndiyo sababu yuko hapa hivi."

Msichana alibaki amesimama. Mama hakunigeukia.

"Wewe ndiye uliniambia," akasema.

"Nilikosea, Mama."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ya daktari wa kwanza."

Akaanza kukunja kidole kimoja kimoja juu ya mapaja, kama anayehesabu. Nilijua anawapitia mmoja mmoja: wanawake wa kanisani, mafundi wenzake wa ghorofa ya tatu, wote aliowaambia watoe simu na wasiwe na wasiwasi.

"Na ukaniacha niwaambie watu," akasema.

Muuguzi akaita jina lake. Nilisimama nimshike kiwiko, kama nilivyofanya mara mbili zilizotangulia. Akakivuta, bila hasira, jinsi mtu anavyovuta nguo iliyonasa kwenye msumari. Mlangoni muuguzi alimuuliza kama kuna mtu aliyemsindikiza.

"Leo niko peke yangu," Mama akasema, akaingia.

Msichana alikuwa ameketi tena, akiinyoosha bahasha yake juu ya goti. Nilikaa naye mpaka walipomwita.