Beseni Bila Nyundo

Kabula alipojifungua mtoto wake wa kwanza kule Nyalikungu, Maswa, alimpigia baba yake simu mwenyewe, akiwa bado kitandani. Luhende alipokea, akasema halo mara tatu, hakusikia kitu, akakata. Akamwambia mkewe, Salu, kwamba mtandao wa Maswa umekuwa wa hovyo siku hizi, kisha akarudi kwenye nyundo yake. Aliyepigiwa baadaye ni Salu, na ni yeye aliyetoka ndani akilia na kucheka, akamshika mumewe begani ili ageuke apewe habari. Mtandao ulikuwa mzima. Kilichoharibika ni masikio.

Luhende alikuwa fundi bati wa Somanda, Bariadi, na karakana yake ilikuwa ua wa nyumba yake. Kwa miaka ishirini na mitatu alinunua mapipa ya mafuta yaliyochakaa, akayapasua kwa patasi, akayanyoosha, akakata maduara, kisha akagonga kila duara juu ya gogo lenye shimo mpaka libonyee kuwa beseni. Beseni moja lilitaka mapigo mia tano, pengine zaidi. Watu waliyapenda minadani kwa sababu hayakupasuka hata yakikanyagwa na ng'ombe. Wengine walinyweshea ndama, wengine walioshea mchele, mafundi ujenzi wakabebea zege.

Walipokwenda Nyalikungu kumwona mjukuu, mtoto alilia mapajani mwa babu yake, mdomo wazi, na Luhende akamsikia kama analia nyumba ya jirani. Kabula alimtazama baba yake muda mrefu. Hakumwacha aondoke mpaka alipomwahidi kwamba atakwenda hospitali.

Alikwenda. Akavalishwa vyombo masikioni, akaambiwa anyooshe kidole kila atakaposikia mlio. Kidole kilikaa chini sana. Daktari, mama mmoja mpole, alimwandikia majibu kwenye karatasi asije akaelewa vibaya: sikio la kushoto limekwisha, la kulia limebaki nusu, na hiyo nusu nayo itakwenda akiendelea kugonga. Luhende akauliza kama kuna dawa. Hakuna. Akauliza kama kuziba kwa pamba kunasaidia, maana pamba Bariadi haikosekani. Akaambiwa ni kidogo tu.

Wiki nzima hakushika nyundo. Alikaa uani akiyatazama maduara yaliyokwisha kukatwa. Kurudi kulima hakuweza, mgongo ulishakataa zamani. Ndipo akakumbuka jambo aliloliona gereji moja ya Nyashimo: fundi akiisukuma beringi iliyoganda kwa jeki ya lori, taratibu, mpaka ikatoka yenyewe. Kama jeki inasukuma beringi, itashindwaje kusukuma bati?

Rafiki yake Bundala, mchomeleaji, alimuungia fremu ya vyuma vinene kuukuu. Chini wakaweka ringi ya gari dogo, iwe ndiyo shimo. Juu, chini ya jeki, wakafunga kitako cha mtungi wa gesi uliochakaa, kimejazwa zege. Bati lingelala juu ya ringi, kitako kingeshuka, beseni lingetoka. Ndivyo walivyopanga.

Bati la kwanza lilitoka limejikunja pembeni kama sketi ya shule. La pili vilevile. Luhende akadhani nguvu ni ndogo, akaongeza; la tatu likapasuka. Kufikia Ijumaa alikuwa ameharibu mabati kumi na moja, na Bundala alishaacha kuja. Luhende akaingia ndani, akatoka na nyundo.

Salu alikuwa barazani kwenye cherehani yake. Aliacha kushona, akaokota bati moja lililoharibika, akapitisha kidole kwenye mikunjo. Kisha akahamia upande wa kulia wa mumewe.

"Baba Kabula, hili bati hujalishika pembeni."

"Nimelilaza sawasawa."

"Kulilaza si kulishika. Mimi nikishona bega la gauni bila kukishika kitambaa, kinajikusanya hivihivi. Libane ukingoni. Ila usilinyonge, liache liingie kidogo kidogo."

Luhende aliirudisha nyundo ndani, akaenda kumbembeleza Bundala. Wakatengeneza duara la chuma kizito la kulala juu ya bati, lenye bolti nane. Mara ya kwanza walizikaza mno, bati likapasuka katikati. Salu akawaambia walegeze nusu mzunguko, Luhende akapaka mafuta ya ng'ombe pande zote mbili, wakaanza upya. Mkono wa jeki ukapanda na kushuka. Bati likazama, laini, bila kunyanzi hata moja. Luhende alilitoa akalishika kwa mikono miwili. Bundala ndiye aliyecheka.

Siku ya tatu ya kazi hiyo, mzee Kasmiri, mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, alipiga hodi taratibu, kofia mkononi. Alikuwa amekuja kutoa pole. Ukimya ule wa nyundo ulimfanya adhani kuna msiba.

Mnadani kazi haikuwa rahisi. Wateja walizoea alama za nyundo. Beseni laini wakaliona la dukani, jepesi, la kudanganyia watu. Mama mmoja aliligeuzageuza akalirudisha chini. Luhende alilifudikiza, akapanda juu yake kwa miguu miwili, akasimama hapo mpaka mama akatoa pochi. Tangu hapo husimama juu ya moja kila mnada, na watu wamemzoea.

Sikio la kushoto halikurudi na halitarudi. La kulia daktari amelipima tena, limebaki palepale. Ukingo wa beseni bado anaukunja kwa nyundo ya mti, amevaa viziba masikio. Bolti anazikaza Salu. Anasema mkono wa Luhende ni mzito, na Luhende hambishii.