N Moja au Mbili

Uani kwetu fundi wa friji tulimwita Baridi, na hata mkewe alimwita hivyo mbele za watu. Mikono yake ilikuwa baridi kweli, kwa kushinda imezama ndani ya friji za wenzake, lakini mdomo wake ulikuwa wa moto. Ukimletea friji iliyokufa, aliipiga kofi la mgongoni na kuiuliza, "Nani amekuudhi?" Akipaka povu la sabuni kwenye mabomba kutafuta gesi inapovujia, lazima akwambie kwamba anamwogesha mgonjwa. Mkewe alikuwa msusi. Alisukia chumba cha mbele, mlango wazi, mteja kwenye kigoda katikati ya magoti yake, na humo ndani aliyajibu maneno yote ya mumewe, moja baada ya jingine, bila kuinua macho kwenye kichwa alichokuwa akikisuka.

Chumba changu kilipakana na chao, ukuta mmoja, kwa hiyo haya ninayoyasema sikuhadithiwa.

Walikaa miaka mingi bila mtoto. Mwanamke akishazoeleka huitwa kwa mtoto wake, Mama Fulani. Yeye alibaki Msusi. Hakulalamika. Ila nilimwona zaidi ya mara moja akimaliza kumsuka mtoto wa mtu, mkono ukabaki juu ya kile kichwa kidogo hata baada ya kazi kwisha, mpaka mwenye mtoto akasema, "Haya, tunashukuru."

Mimba ilipoingia, na safari hii ikatulia, Baridi akaanza kumwita Mama Nani. Mama Nani, chai iko wapi? Mama Nani, umeona bisibisi yangu? Siku moja mkewe akamjibu kutoka ndani:

"Mama Hana."

"Hana nini?"

"Hana. Ni jina. Akiwa wa kike."

Akamweleza kwamba ni jina la Kiebrania, la mwanamke wa kale aliyekaa bila mtoto, akalia mbele za Mungu mpaka akapewa. Maana yake ni neema.

"Hiyo ni maana yake kwa Kiebrania," Baridi akasema. "Kwa Kiswahili maana yake hana. Nimengoja mtoto miaka yote hii, nikimpata nimwite Hana? Shuleni watamla nyama. Hana kalamu, Hana viatu, Hana akili. Ongeza n moja tu. Hanna. Mtu akiliona anajua hili ni jina, si upungufu."

"Kitabuni n ni moja. Unataka kumrekebisha Mungu kama friji?"

Ubishi ukaanza hapo, na ukakua pamoja na tumbo. Baridi alikuwa akiandika Hanna kwa kidole kwenye milango ya friji yenye ukungu. Mkewe akipita kwenda kuanika nguo, anafuta n moja kwa ncha ya kanga. Wateja wakagawanyika. Wanawake waliokuja kusukwa walikuwa wa n moja, maana vichwa vyao vilikuwa mikononi mwa mwenye hoja. Mwenye bucha alikuwa wa n mbili, kwa sababu friji yake ilikuwa bado haijatengenezwa.

Mchungaji wao alipopita kuwajulia hali, wakamtwisha mzigo huo. Alikuwa amesomea Kiebrania. Akachovya kidole kwenye chai, akachora herufi juu ya meza.

"N inaandikwa moja," akasema. Msusi akamtazama mumewe. "Lakini ndani yake huwekwa nukta, na ile nukta inasema itamkwe kwa mkazo, kama ziko mbili."

"Kwa hiyo ni moja," akasema Msusi.

"Kwa hiyo ni mbili," akasema Baridi.

Mchungaji akaanza kueleza kwamba hata ile h ya mwanzo si h hasa, inatokea kooni. Baridi akamwomba hiyo aiache huko huko kooni, wasije wakapata ugomvi wa pili. Tulicheka sana siku ile. Msusi alicheka ameshika tumbo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

Uchungu ulimshika asubuhi, ana mteja, amefika nusu ya kichwa. Akataka amalize. Mteja mwenyewe ndiye aliyeinuka, nusu amesukwa, nusu nywele zimesimama, akaja kunigongea. Nikampeleka hospitali mimi. Baridi alikuwa kwenye kiwanda cha mikate, amelala chini ya mtambo wa kupoza. Alitukuta mlangoni mwa wodi ya wazazi, mikono ina grisi mpaka viwiko, anaogopa kumshika mkewe asimchafue.

"Nimefikiri njiani," akamwambia. "Iwe yako. N moja. Nimekubali."

Msusi akangoja uchungu upite kwanza. Kisha akatabasamu.

"Umekubali leo? Mimi tangu jana nimeamua nikupe yako. Nilitaka nikwambie akishazaliwa."

"Sasa ni ipi?"

"Tutaongea nikitoka," akasema, na nesi akamwingiza ndani.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri. Wa kike, mzima, sauti yake tuliisikia kule kwenye benchi tulikokaa. Nesi mmoja akatoka kutuambia kwamba mama amempakata, anamhesabu vidole. Baridi akaanza kujipangusa mikono kwenye suruali, akijiandaa kuitwa. Hakuitwa. Tukaanza kuona watu wanaingia kwa haraka. Mmoja alibeba mfuko wa damu, mwingine akarudi mbio kufuata wa pili. Hakuna aliyetutazama usoni. Walifanya waliloweza, hilo nililiona kwa macho yangu, nalisema mpaka leo. Damu ilikataa kusimama.

Daktari alipotoka alisema kwa sauti ya chini. Baridi akamwomba arudie, kwa adabu kabisa, kama mteja ambaye hakusikia vizuri. Daktari akarudia.

Mama mkwe wa Baridi alifika jioni ile na hakuondoka tena. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa maneno machache, na Msusi ndiye aliyekuwa mtoto wake wa pekee. Alimpokea mjukuu mikononi mwangu, akamtazama paji la uso, akasema, "Ni yeye," kisha akaenda kutafuta maji ya moto.

Siku ya mazishi, wanawake tulikaa kwenye mikeka. Mmoja akaniuliza mtoto anaitwa nani. Nikajibu kama nilivyozoea kulisikia: "Hana." Bibi mmoja, wala hakuwa na nia mbaya, akatikisa kichwa.

"Ni kweli," akasema. "Hana. Hana mama."

Mama mkwe alikuwa amekaa mbele yangu, mtoto yuko kifuani. Nikaona mabega yake yanapanda, yanakaa juu, hayashuki.

Wageni walipokwisha kutawanyika, alimngoja Baridi mlangoni, akamwita ndani. Nilikuwa nakunja nguo za mtoto. Nikataka kutoka, akanizuia kwa mkono.

"Mwanangu," akamwambia, "lile jina liongeze ile herufi yako. Au mpe jina jingine kabisa. Nakuomba."

"Mama, ndilo alilolitaka yeye."

"Alilitaka akiwa hai. Lilikuwa neno la kuchekea. Sasa kila atakayemwita huyu mtoto atakuwa anamsomea msiba wake."

"Kwa sikio ni jina lile lile, mama. Moja, mbili, nani atasikia?"

"Atakaposoma, ataona."

Baridi akakaa kwenye kigoda cha kusukia, kidogo kwake, magoti yakamfika kifuani. "Hatukumaliza," akasema. "Alisema tutaongea akitoka. Nikiandika sasa, nitakuwa nimeamua bila yeye."



"Hatoki, baba," mama mkwe akasema taratibu. "Mwanangu hatoki."

Baridi akainuka akaenda zake karakana. Hakufanya kazi yoyote. Nilimwona amekaa kati ya friji, milango yote imefungwa.

Wiki zikaenda, mtoto bado hajaandikishwa. Bibi yake hakumtaja kwa jina. Alimwita mama, kama wajukuu wengi wa kike wanavyoitwa na bibi zao. Baridi naye hakumwita kitu. Alimbeba, alimbadilisha nepi, alijifunza kupima joto la maziwa kwenye kifundo cha mkono, lakini jina lilikuwa limemkwama.

Ikafika siku ya chanjo. Mama mkwe alikuwa anaumwa miguu, kwa hiyo Baridi akaniomba nimsindikize. Foleni ilikuwa ya kina mama peke yao, kila mmoja na wake mgongoni, na yeye peke yake mwanamume, amemkumbatia mtoto kama mtu aliyebeba kioo. Nesi alikuwa msichana mdogo, ameinamia meza, kazi imemzidi.

"Jina la mtoto?"

Baridi akajibu, "Hana."

"Mama yake?"

"Hana."

"Baba, jina nimeshaandika. Nauliza mama yake."

"Ndiyo nakujibu, dada. Hana."

Nesi akainua kichwa. Akamtazama, akanitazama mimi, akaelewa. "Pole, baba," akasema. Mtoto akachomwa sindano, akalia, na Baridi akambembeleza kwa kumpigapiga mgongoni, huku yeye mwenyewe uso umekuwa wa jivu.

Tukatoka nje ya geti.

"Amesema kweli mama," akasema. "Siwezi kulisema hili kama neno maisha yangu yote, liwe jina. Na mtoto asilisome hivyo."

Tukaenda moja kwa moja kuandikisha, mtoto amelala begani kwangu. Karani aliuliza majina ya wazazi, akaandika, kisha akasimamisha kalamu.

"Hana. N moja au mbili? Niambie vizuri, maana watu wanarudi hapa kila siku kubadilisha."

Baridi akanigeukia mimi. Nikainamisha macho, halikuwa langu kujibu. Ofisi ilikuwa na feni mbovu inayosaga, na nilijua siku nyingine angekwisha kuiuliza nani ameiudhi. Hata hakuitazama.

"Mbili," akasema.

Karani akaandika, akapiga muhuri. Lilikuwa jambo la kupepesa jicho.

Nje kulikuwa na ngazi. Baridi akakaa kwenye ngazi ile, watu wanampita huku na huku, akalia. Siku ya mazishi alikuwa amesimama wima, anapokea mikono ya watu, tukasema amejikaza kiume. Siku hii alilia kwa sauti, mabega yanaruka, mpaka mlinzi akasogea kuuliza kama tumenyang'anywa kitu.

Alipopata pumzi akaniambia, "Unajua mimi sikuwa na haja na ile n. Nilikuwa nabisha kwa sababu nilipenda anavyonijibu." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Leo nimeshinda. Hajanijibu."

Nilikaa kando yake na mtoto, mpaka jua likatufikia pale kivulini.

Nyumbani mama mkwe alikuwa jikoni. Baridi akasimama mlangoni akasema, "Ni mbili, mama." Bibi akaitikia kwa kichwa, akageukia jiko, akaendelea kukoroga sufuria nzima ya uji ambao hakuna mtu aliyekuja kuunywa.

Sasa ni miaka kadhaa. Watu wanamwita Baba Hanna, na kwa kweli mimi sisikii tofauti yoyote. Friji anatengeneza vizuri kama zamani, pengine vizuri zaidi, maana hapotezi muda kuzungumza nazo. Bibi analala chumba cha mbele. Mtoto ni mwepesi wa miguu, mbishi, ukimwambia hiki anakwambia kile, na akianza kubishana baba yake huondoka kwanza, hunawa uso bombani, kisha hurudi kumsikiliza.

Nywele zake ni nyingi kama za mama yake. Bibi vidole vimekufa ganzi, mimi sijui kusuka, kwa hiyo Jumamosi baba humpeleka kwa msusi wa mtaa wa pili. Humkabidhi kizingitini. Ndani haingii, anasema harufu ya mafuta ya nywele inamkaba. Husimama barabarani, mgongo ameugeuzia mlango, mikono mfukoni, mpaka mtoto amalize, atoke peke yake, na kumvuta shati.